Kwa Mama, Kwenda Pwani Ni Kwenda Kazini

Kwetu Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, mtu hasemi anakwenda bichi. Anasema anakwenda pwani, na akishasema hivyo ujue amefunga kanga ya pili kiunoni, amechukua kamba na polo, na ameshaangalia mwezi. Neno lenyewe linajieleza: pwani ni pale maji yanapokupwa. Yakishakupwa kunabaki uwanda mpana wa mchanga mweupe, vidimbwi na majani ya baharini, hadi kwenye mwamba ambako mawimbi yanavunjika kwa mbali kama mstari wa chumvi. Wageni hupiga picha uwanda ule. Mama yangu amelima pale zaidi ya miaka thelathini.

Neno hilo mwaka huu lilitugawa nyumbani. Mwezi wa tano tulivunja kikoba, tukalipa ada, tukanunua bati za kumalizia jiko la nje, na bado ikabaki pesa ya safari moja: siku tano, mwishoni mwa mwezi wa sita, watoto wakiwa likizo. Tulikuwa tumekaa barazani kwetu Tabata, Dar, umeme umekatika, watoto wamelala. Baba watoto akasema bila kusita, "Twende baharini." Nikamwambia, "Mimi nataka milima." Tukanyamaza wote wawili, maana kila mmoja alijua mwenzake hatanii.

Mume wangu ni Msambaa, amezaliwa upande wa Mlalo, Lushoto. Watu wa Dar wakisikia Lushoto wanawaza ubaridi, matunda damu, ukungu asubuhi na Irente, pale mtu anaposimama ukingoni akaitazama nyanda ya Mazinde iko chini kabisa. Yeye anawaza jembe. Anawaza makinga maji ya kutengenezwa upya kila mvua ikipita, na tenga la kabichi kichwani alfajiri ya Julai, vidole vya miguu havina hisia kwa baridi, analiwahi lori linaloshuka Mombo. Marehemu baba yake alikuwa akiwasimulia matuta ya lazima ya miaka ya 1950, Waingereza walipowaamuru wakulima wa Usambara kupiga matuta kwenye miteremko yao, na jinsi Wasambaa walivyoyakataa. Kwa hiyo hata hadithi za jioni zilikuwa za kulima.

Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, Raskazone, Tanga. Ameniambia mara nyingi kwamba kilichomshangaza si maji. Kilichomshangaza ni kwamba jicho lilikwenda, likaendelea kwenda, na halikupanda popote. Alikaa pale mpaka jua likazama, na mjomba aliyemleta akaanza kumtafuta akidhani amepotea.

Mimi nami nilikuwa na mahali pangu pa namna hiyo. Daladala ya kutoka mjini kwenda Jambiani hupita ubavuni mwa msitu wa Jozani, na nilipokuwa mtoto, gari likiingia kivulini mwa ile miti, hewa ilibadilika ghafla, ikawa baridi kama ya mtungi. Nilikuwa nafumba macho ili ikae muda mrefu. Wakati mwingine kima punju walikuwa barabarani, wekundu mgongoni, wametulia kama wenye nyumba, nao kweli ndio wenyewe, maana asili yao ni Unguja peke yake. Kisha dakika chache tu, tumetoka, jua limerudi, na mbele yetu ni pwani na mwani wa kufunga.

Niueleze huo mwani, kwa sababu wengi mnaokuja Paje na Jambiani mnaziona zile safu za vijiti majini mkadhani ni mitego ya samaki. Kilimo chake kilianza upande wetu mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Unachomeka vijiti viwili mchangani, unatandika kamba kati yao, na kwenye kamba unafunga mbegu moja moja kwa tai-tai, vikamba vidogo vya kufungia. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabeba kichwani maji yakikuchirizika shingoni, unaanika. Mwani huo unakwenda kwa wanunuzi, unageuzwa unga unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili vishikane. Kwa miaka mingi kilo moja kavu ililipwa kwa mamia ya shilingi, si kwa maelfu, ukiwa ni ule wa aina ya spinosamu unaostahimili. Kotonii, aina nyingine, ndiyo ilikuwa na bei nzuri, lakini maji ya kina kifupi yamezidi kuwa ya moto na kotonii ikawa inaoza kambani. Mama alijaribu mara tatu, akaacha.

Kazi hii haifanywi siku unayoitaka wewe. Inafanywa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu ndipo maji yanapokwenda mbali kabisa. Na siku hizo upande wetu maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Maana yake mama amekuwa akiinama majini kuanzia saa tatu mpaka saa saba, jua likiwa juu yake na jingine likimpiga kutoka chini, kwenye maji. Ukiwa mtoto wa pale unajifunza kuhesabu hivyo: leo bamvua, leo hakuna chakula cha mchana mpaka mama arudi. Ukimkuta hayuko mwanini basi yuko kwenye makumbi ya nazi, anayafukua mchangani yalikolala miezi, anayapiga kwa gongo apate usumba wa kusokota kamba. Au anachoma pweza mwambani. Yote hayo tunayaita kwenda pwani.

Mwaka 2019 nilimpa mume wangu bahari yake. Tulikwenda Paje, kilomita chache tu kutoka kwetu, tukakodi chumba kinachotazama maji. Mama aliposikia kwamba tunalipa pesa kulala ilhali nyumba yake ipo alinyamaza kwa siku mbili, na mimi ninayemjua najua kunyamaza kwake kuna maneno. Nilimwelezea kwamba mkwewe anatamani kuamka na kuiona bahari kabla hajaona kitu kingine. Akasema, "Haya mwanangu. Kila mtu na hamu yake." Akatutumia mkate wa ufuta na pweza wa nazi kwa bodaboda.

Asubuhi ya kwanza nilikaa kwenye kiti kirefu, juisi ya ukwaju mkononi. Ilikuwa bamvua. Maji yakaanza kuondoka, na wanawake wakaanza kupita mbele yangu mmoja mmoja, kanga kichwani, kuelekea vijitini. Kijana mmoja mgeni akanyanyuka na kamera. Miongoni mwa wale wanawake nikamjua mmoja kwa mwendo wake kabla sijauona uso, mama mdogo wangu upande wa baba, ambaye mguu wake wa kushoto haukupona vizuri baada ya kukanyagwa na gari. Sikuweza kubaki kwenye kile kiti. Nilifunga kanga nikamfuata, nikafunga naye mbegu mpaka maji yalipotufika magotini yakirudi. Siku ya pili nikafanya hivyo hivyo. Nilirudi Dar nimechoka kuliko nilivyoondoka, na moyoni nina jambo ambalo sikuweza kulitaja jina.

Mume wangu alirudi na uso mwingine kabisa. Hajui kuogelea hata leo, na hakuhitaji kujua. Alikuwa akiamka saa kumi na moja, anakaa mchangani miguu imenyooshwa, anatazama. Alirudi analala usiku kucha, jambo ambalo lilikuwa limempotea tangu mama yake afariki.

Nimelifikiria sana hilo. Watu wakiulizana waende ufukweni au wakapande milima, mazungumzo huwa juu ya kipi kizuri, kipi rahisi, wapi kuna picha. Mimi siamini tena kwamba maswali hayo yanamfikisha mtu popote. Ningemuuliza kwanza: mwili wako umefanya kazi wapi? Kwa sababu mwili una kumbukumbu yake. Pale uliponyanyua mzigo ukiwa na miaka minane, ukipelekwa tena na miaka arobaini ukaambiwa pumzika, mwili utauliza mzigo uko wapi. Mtu wa ofisini Dar, aliyekaa kwenye kiti mwaka mzima na foleni ya Ubungo asubuhi na jioni, huyo huenda anachohitaji ni kupanda mlima mpaka mapaja yatetemeke. Nesi aliyesimama zamu za usiku mwaka mzima, mwacheni alale kwenye kivuli cha mnazi asiulizwe kitu. Ni watu wawili tofauti, na kumlazimisha mmoja likizo ya mwingine ni kumnyima pumziko lake huku ukijiona umemfadhili.

Kwa wale ambao bahari ndiyo yao, naomba niwape nilichozaliwa nacho. Msichague pwani ya mashariki ya Unguja kwa picha peke yake halafu mkakasirika mmeamka maji hayapo. Tazameni mwezi. Wakati wa bamvua asubuhi maji yameondoka, yanarudi kujaa kiasi cha saa kumi jioni, na huo ndio wakati wa kuogelea. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayaendi mbali sana, na asubuhi mnayakuta. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika hamsini, kwa hiyo ukiyaona leo unaweza kuyapigia hesabu ya kesho. Mkitaka maji saa zote nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako hayakimbii. Na pepo nazo ni jambo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, ni joto na bahari ya mashariki hutulia. Kusi ikishika, kuanzia Juni, ni hewa nzuri lakini upepo wa Paje unawafaa wale wa kuvutwa majini na tiara kuliko mama mwenye mtoto mchanga. Aprili na Mei ni masika, bei zinashuka, na mvua inaweza kunyesha siku zenu zote. Zaidi ya yote, ukiwakuta wanawake pwani, wasalimie kabla hujatoa simu. Umeingia shambani kwa mtu.

Turudi barazani Tabata. Kilichoamua safari yetu hakikuwa hoja yangu wala yake. Nilimwambia kwamba mwaka huu nataka mama aende nasi, na kwamba katika maisha yake yote mama hajawahi kulala usiku mmoja mahali ambapo hapasikiki bahari, ila kwetu tu. Hata akija Dar kwetu, analalamika kwamba usiku una kimya cha ajabu pamoja na kelele zote za Tabata. Mume wangu akakaa kidogo, kisha akasema, "Kama ni mama, bahari yangu itasubiri." Sikumshukuru vya kutosha usiku ule. Namshukuru hapa.

Milima ya kwao haikufaa. Tukifika Mlalo yeye si mtu wa likizo, ni mtoto wa kiume aliyerudi: kuna kikao cha mpaka wa shamba, kuna paa la shangazi, kuna wagonjwa wa kuwaona. Kule tunakwenda Desemba, na tunakwenda kwa mikono. Watoto walitaka Kilimanjaro, kwa sababu ndiyo wanayofundishwa, mita 5,895, na wakaninunia nilipowaeleza habari za siku tano au sita za kutembea, wapagazi, gharama, na vichwa vinavyouma kwa kukosa hewa. Serengeti ni ya kukaa garini, na mimi nilitaka kukanyaga. Ikabaki Udzungwa.

Wengi hawaijui Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, na nashangaa, kwa sababu iko nyuma tu ya Mikumi. Ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya gari. Utaiona kwa miguu yako au hutaiona. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguru, Uluguru, ukaishia huko. Misitu ya milima hii imedumu muda mrefu mno kwa sababu ya Bahari ya Hindi: mawingu yanapanda kutoka baharini, yanagonga mlima, yananyesha. Hata nchi ilipokuwa kavu, huku juu mvua haikukatika kabisa. Nilipolisoma jambo hilo nilimsomea mume wangu kwa sauti. Tulikuwa tumegombania vitu viwili ambavyo ni kitu kimoja kinachozunguka.

Mama alivuka kwa boti ya asubuhi, karibu saa mbili majini, akiwa na kikapu cha ukili kilichojaa mikate ya ajemi kana kwamba Bara hakuna chakula. Kesho yake tukapanda treni ya umeme mpaka Morogoro. Alikaa dirishani, mikono juu ya mapaja, na hakusema neno mpaka Pugu ilipopita. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama dereva anajua tunakwenda kasi. Msamvu tukachukua basi la Ifakara. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita hamsini, na hapo ndipo mama alipomwona twiga, kisha kundi la swala, kisha tembo mmoja amesimama peke yake mbali kidogo na lami. Alivuta ushungi akafunika mdomo. "Subhanallah," akasema, na akaendelea kulisema mpaka mji wa Mikumi, ambapo basi liliacha lami ya Iringa likakata kushoto kuelekea Kidatu na Mang'ula.

Kuanzia hapo ni miwa. Upande mmoja mlima umesimama kama ukuta wenye msitu mpaka juu, upande wa pili bonde la Kilombero limelala, miwa mpaka jicho linachoka. Tulifikia nyumba ya wageni ya kawaida pale Mang'ula, vyumba vya saruji, chandarua kizuri, maji ya ndoo ya moto ukiomba.

Siku ya kwanza sisi wanne tulikwenda Sanje, mama akabaki. Maporomoko ya Sanje yanashuka kwa ngazi, yote pamoja mita 170, na kuyafikia ni kupanda kweli, ndani ya msitu, na mwongozaji wa hifadhi mbele. Kwa anayetaka kwenda: vaa raba zenye meno, usiende na viatu vipya, beba maji zaidi ya unavyodhani, na suruali ndefu, maana siafu hawaombi ruhusa. Julai na miezi inayofuata njia ni kavu. Masika inateleza vibaya. Mwanangu mdogo, wa miaka minane, alipanda nusu njia kwa nguvu zake na nusu iliyobaki mgongoni kwa baba yake.

Mwongozaji alitusimamisha mara moja akainua kidole. Kulikuwa na mlio, wa kuvuma kisha wa kukatika, mbali kwenye miti. Ni mangabe wa Sanje, kima wa kijivu mwenye nywele za kusimama, asiyepatikana popote duniani ila katika misitu hii ya Udzungwa. Vitabu vinasema aligunduliwa mwaka 1979. Mwongozaji, ambaye ni mwenyeji wa bonde hilo, alitueleza hilo kwa adabu, kisha akaongeza kwamba babu yake alikuwa akiwafukuza kwenye mahindi. Mwanangu mkubwa alicheka sana, lakini mimi nililichukua jambo hilo kwa uzito. Nimekua mahali ambapo watu wanakuja kugundua vitu ambavyo mama zetu wanavifahamu kwa majina.

Nilimtazama mume wangu njiani. Nilikuwa na hofu kwamba mteremko utamrudisha kwenye tenga la kabichi, na kwa kiasi fulani ulimrudisha: miguu yake ilijua pa kukanyaga kabla macho hayajaona, na bila kujitambua alikuwa akinyoosha mkono kwa kila mgeni aliyemkuta anasita. Lakini tulipofika juu, pale maji yanapoanza kuanguka, msitu unafunguka na bonde lote linaonekana. Miwa, imenyooka, kijani, imekwenda mpaka inapokutana na mbingu. Watoto waliingia kwenye bwawa la maji baridi wakipiga kelele. Yeye alikaa juu ya jiwe, miguu imenyooshwa kama Paje, anatazama ule usawa. Sikumsemesha.

Jioni tuliporudi tulimkuta mama jikoni na mwenye nyumba, wanachambua mchicha, wamekwishakuwa ndugu. Usiku, tukiwa tumelala chumba kimoja mimi na yeye, akanieleza alichokisikia. Kwamba zamani wanawake wa vijiji hivi waliruhusiwa kuingia msituni siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizoanguka, na kwamba mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikatwa, na tangu hapo kuni ni ya kununua, au ya kupanda mwenyewe, au ya kutoka mbali. Msitu umepona zaidi, hilo mwenyeji wake hakulikataa. Lakini mgongo wa mwanamke ndio uliolipa sehemu ya gharama. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema gizani, "Kumbe na wao wana pwani yao."

Sijui kama nitawahi kuliandika jambo vizuri kuliko alivyolisema. Nililala nikiwafikiria wale wanawake, na yule kijana wa kamera Paje, na mimi mwenyewe niliyepita siku ile na raba zangu na chupa ya maji nikiona mandhari tu. Nilikuwa nimekuja kupumzika shambani kwa mtu mwingine. Asubuhi nilimtafuta mwenye nyumba, nikakaa naye, nikamuuliza habari za kuni zake mwenyewe, na nikasikiliza mpaka chai ikapoa.

Siku ya tatu ilikuwa ya mama. Kuna njia fupi kutoka lango la Mang'ula, isiyopanda sana, inayofika kwenye maporomoko madogo yanayoitwa kwa jina la Bernhard, aliyekuwa mume wa Malkia Juliana wa Uholanzi. Tulikwenda polepole, mama mbele yangu na fimbo aliyochongewa na mkwewe. Kila baada ya hatua chache alisimama. Aligusa magome ya miti kwa kiganja. Aliuliza majina, na mwongozaji alipokuwa na jina la Kiswahili alilirudia mara mbili, alipokuwa na la kwao akalirudia mara tatu. Chini ya miti mikubwa hewa ilikuwa ile ya Jozani, ile ya mtungi, na safari hii haikuisha baada ya dakika chache. Nilikuwa mtu mzima, nimefumba macho njiani, na hakuna daladala iliyonitoa.

Tulipofika mtoni mwongozaji alimwekea mama majani mahali pa kukaa, juu ya jiwe pana. Akamweleza maji yale yanakokwenda: yanashuka bondeni, yanakuwa sehemu ya mito mikubwa zaidi, na mwisho wake wote ni Rufiji, inayomwaga baharini mkabala na Mafia. Mama akageuka.

"Rufiji hii ya boriti?"

Mwongozaji hakuelewa. Mimi nilielewa. Dari la nyumba ya babu yangu Jambiani limeshikwa na boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, zilizoletwa Unguja kwa jahazi enzi mama akiwa msichana. Amelala chini ya boriti hizo, amezaa chini yake. Mume wangu akamweleza yule kijana taratibu, na kijana akafurahi kwelikweli, akasema hakuwahi kufikiri kwamba maji ya hapa yana watu wao Zanzibar.

Mama alivua kandambili, akatia miguu majini, akaitoa haraka kwa baridi, akaitia tena. Akayatazama maji yalivyokuwa yakija, na nyuma yake mengine, na nyuma yake mengine. Watoto walikuwa wanarusha majani ya miti kuona la nani litafika mbali. Alikaa hivyo muda, kisha akamuuliza mwongozaji, kwa adabu, kama mtu anayeuliza ratiba ya boti:

"Mwanangu, maji haya hupwa saa ngapi?"

Kijana akanitazama, akidhani pengine ni mzaha wa kizee. Haukuwa mzaha. Mwanamke huyu amepanga kula, kulala, kupika, kunyonyesha na kuzika kwa saa za maji tangu kabla sijazaliwa.

"Hayapwi, bibi," akamjibu. "Yako hivi hivi, usiku na mchana."

Mama akarudia neno hilo kwa midomo tu. Kisha akaniomba kanga yangu ya juu, akaitandika kwenye lile jiwe, akalala ubavu, kichwa juu ya mkono, uso umeelekea majini. Nilidhani anajinyoosha mgongo. Baada ya dakika chache mwanangu mdogo akaja kuniambia kwa kunong'ona kwamba bibi amelala, kweli amelala, anakoroma.

Ilikuwa kiasi cha saa nne asubuhi. Mume wangu akaenda kukaa na watoto mbali kidogo ili wasipige kelele, na mwongozaji, aliyetakiwa kuturudisha langoni kabla ya saa sita, akaitazama saa yake, akamtazama mama, akaenda kuegemea mti.